Jinsi ya kumzoesha mtoto kulala mwenyewe, hatua kwa hatua

Swali ni lilelile kila siku, linabadilika sauti tu. "Mwanangu ana miezi 6, nikimlaza tu macho pyaa, nifanyeje?" Mwingine, "Wa kwangu analala na titi mdomoni, nikilitoa anaamka." Juzi baba mmoja kanitumia meseji saa 9 usiku, neno moja tu: "Msaada." Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika yote hapa kwa mkupuo. Mi sio daktari, mi ni baba wa wawili, wa kwanza nilimbembeleza mpaka mgongo ukagoma, wa pili nikawa nimeshashika adabu kidogo.

Kuna kitu kimoja ukikielewa mengine yanajipanga yenyewe. Hakuna mtoto anayelala moja kwa moja mpaka asubuhi, hata wewe hulali hivyo. Usingizi unaenda kwa mizunguko, wa mtoto mdogo ni mfupi, kama dakika 45 mpaka 60 hivi, na mzunguko ukiisha anashtuka kidogo na kukagua mambo kama yako vilevile alivyoyaacha. Sasa fikiria umepanda basi, umekaa dirishani, ukasinzia, unazinduka uko kiti cha nyuma kabisa na mkoba wako huuoni. Si utapiga kelele? Ndo mtoto aliyelalia mikononi mwako akashtukia godoroni peke yake. Anavyoingia usingizini saa 2 usiku ndivyo atakavyodai aingizwe tena saa 5, saa 7, saa 9. Kwa hiyo hatumfundishi kutoamka, hilo haliwezekani, tunamfundisha kuingia usingizini mwenyewe ili akishtuka ajirudishe mwenyewe. Nadharia imeishia hapo.

KABLA HUJAANZA: YUKO TAYARI?

Chini ya miezi 4 acha kabisa. Mchanga hajui usiku wala mchana, saa ya mwili wake inaanza kujipanga taratibu kuanzia kama miezi 2 mpaka 4, na tumbo lake ni dogo, maziwa ya usiku anayahitaji kweli. Huyo mbebe, mnyonyeshe, mbembeleze, na mtu akikwambia unamdekeza mwachie maneno yake. Unachoweza kufanya naye ni kumlaza akiwa macho mara moja moja, akikubali sawa, akikataa mbebe, kesho nayo siku.

Wengi tunaanza kati ya miezi 4 na 6. Ukianza na miezi 9 au mwaka hujachelewa, ila jiandae maana huyo tayari ana msimamo wake na mapafu yamekomaa. Kama mtoto ni njiti, hesabu umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, sio aliyozaliwa.

Usianze kama anaumwa, kama uzito hauongezeki vizuri, kama anakoroma sana au anakata pumzi akilala, au anatapika kila akinyonya. Hayo ni ya daktari kwanza. Na mtoto wa chini ya miezi 3 akifika joto la 38 mpeleke hospitali muda huohuo, hapo habari ya usingizi weka pembeni.

VITU UNAVYOHITAJI

- Mahali pake pa kulala, pa bapa, godoro gumu lisilobonyea, shuka moja iliyobana. Basi. Mto usiweke, blanketi usiweke, midoli usiweke, ile mito ya kuzungushia pembeni ya kitanda nayo toa hata kama ni mizuri kwenye picha. Hivi vyote vinaweza kumziba pumzi.
- Nguo za kulalia zinazolingana na hali ya hewa. Pima kwa kugusa shingo au kifua, sio mikono na miguu maana hiyo mara nyingi iko baridi tu. Akitoka jasho shingoni umemzidishia nguo.
- Giza. Pazia zito, au shuka nene limebanwa dirishani, lolote litakalofanya kazi.
- Saa au simu ya kuhesabia dakika, na sehemu ya kuandika.
- Wiki 2 ambazo hamsafiri, hamhami, hakuna mgeni anayekuja kulala.
- Watu wazima wote wa nyumbani wamekubaliana. Hili ndo linaangusha wengi, mama anafundisha, bibi anaingia "jamani mjukuu wangu" anambeba, kwisha habari. Kaeni chini mchana mkubaliane, usiku wa saa 8 sio muda wa kikao.

Kulala mwenyewe sio lazima awe chumba chake. Tena miezi 6 ya kwanza walau inashauriwa alale chumba chenu, ila kwenye sehemu yake. Kuhusu namna ya kumlaza hakuna mjadala, ni chali, kila usingizi, wa mchana na wa usiku. Marekani walipoanza kampeni ya kuwahimiza wazazi walaze watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilikuja kupungua kwa zaidi ya nusu. Kiubavu nako hakufai maana anajibiringisha akawa kifudifudi.

HATUA YA 1: Andika siku 3 bila kubadilisha chochote

Najua utairuka. Usiiruke. Andika ameamka saa ngapi, amelala saa ngapi, amelalaje (titi, mgongoni, kutikiswa, kwenye gari), usiku kaamka mara ngapi. Siku 3 tu. Mimi nilipoandika nikagundua wa kwanza alikuwa analala mchana saa 5 nzima halafu mimi namlaumu kwa kutolala usiku. Kwa ujumla mtoto wa miezi 4 mpaka 12 anahitaji kama saa 12 mpaka 16 ndani ya saa 24, ukijumlisha na za mchana. Wa mwaka 1 mpaka 2, saa 11 mpaka 14. Kama zote kazimaliza mchana, usiku atafanya nini?

HATUA YA 2: Panga muda wa kuwa macho

Weka saa ya kuamka asubuhi iwe moja, mfano saa 12 na nusu, isipishane zaidi ya nusu saa hata kama usiku ulikuwa mbaya. Fungua pazia, mwanga uingie. Halafu angalia muda anaokaa macho kati ya usingizi mmoja na mwingine:

- Miezi 4 mpaka 5: saa 1 na nusu mpaka saa 2 na kidogo
- Miezi 6 mpaka 8: saa 2 mpaka 3
- Miezi 9 mpaka 12: saa 3 mpaka 4

Hizi ni za kuanzia tu, sio amri, mtoto wako atakuonyesha zake. Mwanzo wa uchovu anatazama mbali kama anawaza madeni, anapunguza vurugu, nyusi zinakuwa nyekundu. Hapo ndo muda wenyewe. Ukisubiri mpaka afikiche macho, apige miayo mitatu na kuanza kulia, umechelewa, mtoto aliyechoka kupita kiasi analala kwa shida zaidi, sio kwa urahisi. Watu wengi wanadhani wakimchosha atalala fofofo. Jaribu uone.

HATUA YA 3: Ratiba fupi ya kabla ya kulala

Dakika 20 mpaka 30, vitu vilevile, mpangilio uleule, kila siku. Yangu ilikuwa hivi: maziwa, kumcheulisha, kuoga au kumpangusa tu, pampasi, nguo za kulalia, wimbo mmoja (mmoja, sio albamu), taa inazimwa, maneno yaleyale "lala salama, baba yupo", kitandani.

Umeona maziwa yako wapi? Mwanzoni. Hii ndo hatua yenye siri. Maziwa yakiwa mwisho atalalia titi au chupa, na yote niliyosema juu yanaanza upya. Mnyonyeshe taa ikiwa inawaka, na akianza kusinzia mkunekune nyayo, mbadilishe mkono, ongea naye. Yeye ashibe akiwa macho. Kama sasa hivi analalia titi kabisa, usikate siku moja, sogeza maziwa nyuma kidogo kidogo, leo dakika 5 kabla ya kulala, keshokutwa 10, mpaka katikati yapite kuvaa nguo na wimbo.

Chupa kitandani hapana. Maziwa yanakaa mdomoni usiku kucha yanaozesha meno, na ile ya kuegeshea chupa kwenye nguo iliyokunjwa inaweza kumpalia.

HATUA YA 4: Mlaze akiwa bado macho

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo, kwingine kote ni maandalizi. Anatakiwa awe ametulia, ameshiba, macho mazito, lakini anajua unamweka kitandani. Ukimweka amelala umefaulu kumhamisha tu, hujamfundisha kitu.

Namna ya kumshusha ina ufundi wake. Mtoto akitangulia kushuka kichwa anahisi anaanguka, mikono inaruka juu, macho yanafunguka na mchezo umeisha. Mshushe akiwa amekugandia kifuani, wewe ndo uiname mpaka chini, matako yaguse godoro kwanza, halafu mgongo, kichwa cha mwisho. Mkono wako mmoja ubaki kifuani kwake umetulia, usimpigepige, hesabu pumzi 10 zake. Kisha punguza uzito wa mkono, vidole vikibaki vinagusa tu, kisha inua. Mara ya kwanza nilifanya yote hayo kwa ukamilifu, nikasimama, goti langu likalia "kak" na macho yale yakanitazama. Ndo maisha.

HATUA YA 5: Chagua njia moja ya kuitikia kilio

Atalia. Sio kila mtoto, ila wengi watalia kwa sababu umebadilisha utaratibu aliouzoea na hana namna nyingine ya kukuandikia barua ya malalamiko. Njia ziko nyingi lakini zote zinarudi kwenye hizi tatu. Chagua moja, kaa nayo wiki nzima.

Ya kwanza, kupunguza taratibu. Kama unamtikisa mpaka analala, siku 3 mtikise mpaka asinzie tu, siku 3 zinazofuata mtikise mpaka atulie, halafu mshike tu bila kutikisa, halafu mlaze na mkono kifuani, halafu bila mkono. Kilio ni kidogo, muda ni mrefu, wiki 2 mpaka 4. Kwa wa miezi 4 au 5 mimi ningeanza na hii.

Ya pili, kiti. Unamlaza, unakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda. Unaweza kumgusa, kusema "shhh", ila humwinui isipokuwa amelia mpaka amepagawa, na ukimwinua akitulia unamrudisha akiwa macho. Kila baada ya siku 3 kiti kinasogea, katikati ya chumba, mlangoni, nje ya mlango. Usimwangalie machoni, usipige stori. Ni ngumu kuliko inavyosikika, unakaa gizani kama mlinzi, lakini kwa wazazi wasioweza kuvumilia kutoka chumbani inawafaa sana.

Ya tatu, kuingia na kutoka kwa dakika. Unamlaza, unasema maneno yenu, unatoka. Akilia subiri dakika 3, ingia, mguse, sema maneno yaleyale, usizidi dakika 1 au 2, toka hata kama bado analia. Kisha subiri dakika 5, kisha 7, halafu baki kwenye 7 mpaka alale. Usiku wa pili anza na 5. Akinung'unika tu bila kulia, usiingie. Hii ni ya miezi 6 kwenda juu kwa maoni yangu, na matokeo yake huja haraka, wengi usiku wa 3 au wa 4 wanaona nafuu.

Wa pili wangu nilitumia hii ya tatu akiwa na miezi 7. Usiku wa kwanza nilikaa kwenye korido na simu nimeipindua ili nisitazame dakika, nikaitazama kila sekunde 20. Kwa jumla dakika 41. Usiku wa pili 25. Usiku wa tatu nimesimama nyuma ya mlango, dakika ya 4, kilio kikakatika katikati, kimya, nikasikia "nyu, nyu, nyu". Alikuwa amepata vidole viwili vya mkono wa kushoto akaviweka mdomoni. Hakuna aliyemfundisha vile vidole. Nilisimama pale nje kama mwizi nikiogopa hata kumeza mate.

Kuna watakaokwambia ukimwacha alie hata dakika 5 atakuja kukuchukia. Watafiti wa Melbourne, Australia, walifuatilia hili, walianza na watoto 326 wa miezi 7 waliokuwa na shida ya usingizi, baadhi ya wazazi wakafundishwa njia za namna hii, wakaja kuwapima watoto wakiwa na miaka 6. Matokeo yalitoka 2012 na hawakukuta tofauti kwenye hisia, tabia wala uhusiano wao na wazazi. Lakini pia kama roho yako haitaki njia ya tatu, usiifanye, utaikatisha katikati na hiyo ni mbaya kuliko kutoanza.

Mama akiwa ananyonyesha, baba ndo aingie usiku, walau siku 4 za mwanzo. Mtoto akisikia harufu ya maziwa na asipewe anaona anatukanwa. Akina baba hapa hatuna kisingizio, hatuna maziwa, hiyo ndo sifa yetu kuu.

HATUA YA 6: Katikati ya usiku

Ukisikia sauti, usikimbie. Subiri dakika 2 usikilize. Watoto wanaguna, wanakoroga miguu, wanalia kidogo macho yamefumbwa, wako usingizini kabisa. Wa kwanza wangu nadhani nusu ya mara alizoamka nilimwamsha mimi, akiguna tu nimeshafika, nimembeba, nimewasha taa, "vipi baba?" Mtoto alikuwa anaota.

Kama ameamka kweli na sio muda wa kunyonya, tumia njia ileile uliyoitumia mwanzo wa usiku. Kama ni muda wa kunyonya, mnyonyeshe gizani, bila maongezi, mcheulishe, mrudishe akiwa macho kidogo. Kunyonya usiku na kulala mwenyewe vinakaa pamoja bila shida. Wa miezi 4 mpaka 6 kuamka kunyonya mara 1 mpaka 2, hata 3, ni kawaida, usimnyime. Kuacha maziwa ya usiku ni somo lingine, lifanye baadaye na uongee na mtaalamu wa kliniki yako kwanza.

Tahadhari moja. Ukinyonyesha usiku umechoka, usikae kwenye sofa. Kusinzia na mtoto kwenye sofa au kiti cha kuegemea ni hatari kuliko sehemu nyingine yoyote. Kama kuna uwezekano wa kusinzia, heri mkae kitandani mkiwa mmeshaondoa mito na mablanketi, na ukizinduka mrudishe kwake.

HATUA YA 7: Usingizi wa mchana

Anza na usiku tu, wiki ya kwanza mchana mlaze mlivyozoea, mbebe, mtembeze, muhimu asichoke. Usiku ukishatulia, chukua usingizi wa kwanza wa asubuhi, ratiba fupi ya dakika 5, giza, mlaze. Akigoma baada ya dakika 20 mtoe, cheka naye, jaribu baadaye kwa namna ya zamani. Mchana huchelewa kukaa sawa, usikate tamaa.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA SIKU

Kubadilisha njia kila usiku. Jumatatu kiti, Jumanne dakika, Jumatano umembeba saa nzima kwa sababu umemwonea huruma. Mtoto anachojifunza hapo ni kwamba akilia vya kutosha kuna zawadi, ila hajui ni kilio cha ngapi, kwa hiyo atajaribu vyote.

Kuacha usiku wa 4 au wa 5. Mara nyingi inakuwa nzuri halafu ghafla anarudi kulia kuliko siku ya kwanza. Anajaribu mlango kwa mara ya mwisho aone kama bado umefungwa. Ukimfungulia siku hiyo utarudia yote.

Kumpa uji au kukoroga nafaka kwenye chupa ili "ashibe alale". Chini ya miezi 6 maziwa peke yake yanatosha, na hiyo nafaka haiongezi usingizi, inaongeza hatari ya kupaliwa.

Dawa. Za mafua, za kikohozi, za mzio, yoyote ya kusinzisha, pombe kwenye ufizi, hapana. Kabisa. Huyo hajalala, amezimwa.

Kelele za feni au spika kubwa mno. Sauti ya mvua inasaidia wengine, ila iwe ya chini na ikae mbali, kama mita 2 kutoka kichwani kwake, sio ndani ya kitanda.

Kumfunga mikono kwa shuka akiwa anaanza kujigeuza. Siku ya kwanza unayomwona anajaribu kujibiringisha, hiyo shuka imestaafu.

IKIGOMA

Analala halafu anaamka baada ya dakika 40. Aliingia kitandani akiwa karibu amelala, au alichoka mno. Mlaze mapema kwa dakika 20 na uhakikishe alikuona ukitoka.

Analia saa nzima usiku wa 7 kama wa 1. Simama. Rudi hatua ya 1 na ya 2, mara nyingi ni saa, sio njia. Ama bado hana usingizi ama umepitiliza. Kama saa ziko sawa, pumzika wiki 2, jaribu njia laini zaidi. Na kilio kikiwa cha namna usiyoizoea, kikali, anajikunja, anakataa kunyonya, hapo mwone daktari.

Anatapika akilia. Ingia, msafishe taa ikiwa hafifu, badilisha shuka bila hotuba, mrudishe. Ikijirudia, hamia njia ya kiti.

Anaamka saa 10 alfajiri tayari kwa maisha. Angalia mwanga unaopenya, angalia kama usingizi wa mwisho wa mchana unachelewa kuisha, na usianze siku kabla ya saa 12 hata kama yuko macho anaongea na vidole. Ukimpa maziwa na katuni saa 10, kesho atakuja kuvidai saa 10.

Anajigeuza kifudifudi usingizini. Mlaze chali kila mara. Kama anajua kujigeuza pande zote mbili mwenyewe, mwache akae alivyochagua. Kitanda kiwe kitupu tu.

Alikuwa analala vizuri, sasa ana miezi 8 au 9 na analia ukitoka tu. Amegundua kwamba ukitoka haupo, na hataki. Mchana cheza naye kujificha na kutokea, aone kwamba mtu anayepotea anarudi, usiku ongeza dakika 5 za kukumbatiana ndani ya ratiba. Njia usibadilishe.

Aliugua, au mlisafiri, kila kitu kimevurugika. Akiumwa mpe chochote anachotaka, mbebe usiku kucha. Akipona siku 2, anza tena, safari hii huwa ni usiku 2 au 3 tu.

Anasimama kitandani na hajui kukaa. Shusha godoro mpaka chini kabisa kwanza, leo, asije akapindukia. Halafu mchana mfundishe kukaa chini kutoka kusimama, mpe kitu anachokipenda kwenye usawa wa sakafu, mara 20, mara 30, ndo anajifunza. Usiku mlaze mara 1 au 2, zaidi ya hapo anaona ni mchezo, mwache asimame. Wa pili wangu alisimama siku 4 mfululizo akinitazama kwenye ufa wa mlango. Siku ya 5 nilipochungulia nikamkuta ameshajikalisha mwenyewe, kalala ameketi, paji la uso kwenye nondo za kitanda, mate yanadondoka. Nikaingia kwa vidole vya miguu, nikamlaza chali, goti likalia tena. Safari hii hakuamka.